Mkate wa Juzi

Boflo nimelinunua Alhamisi, zima, halijakatwa,
dukani kwa Mangi, Tabata Bima,
nikaliacha wazi juu ya friji, likauke.
Mama angeniuliza: mwanangu, umerogwa?
Lakini mkate mbichi hauna subira,
ukiuchovya tu unalegea, unakufia mkononi.
Mkate wa juzi ndio unaojua kunywa.

Leo Jumapili. Watoto wako Kibaha kwa bibi yao,
nimewafungashia madaftari na onyo.
Nyumba imepumua.

Mayai nane. Namba hii naitaja kwa woga:
kwetu yai moja lilivika vipande saba.
Mama aliongeza maji, akaongeza chumvi,
akaongeza na hadithi ili tusihesabu,
na kila kipande kikatoka na doa la njano
kama muhuri: huyu naye alihudhuria.

Nane, basi. Na viini viwili juu yake,
nani ataniuliza?
Maziwa. Tui la kwanza, lile lisilojua maji.
Iliki nimeitwanga kwa kitako cha glasi,
maana kinu aliondoka nacho yeye
(televisheni aliiacha, akabeba kinu;
mpaka leo sielewi).
Kungumanga, chumvi ya vidole viwili,
halafu konyagi: kifuniko kimoja bakulini,
kimoja kwenye kikombe cha mpishi.
Bakuli la Siwema liko pembeni, limefunikwa sahani.
Hilo halijui konyagi na halitajua.

Saa nne na robo, hodi.
Kokushubira na miwani yake ya jua,
na asali ya Tabora kwenye chupa ya maji.
Atuganile, ambaye sukari yake ina daktari na daftari,
anatangaza akiwa bado mlangoni:
kipimo nimekisahau, tena kwa makusudi.
Siwema wa mwisho, na korosho, na kimya.

Umeme unakatika siagi ikianza kuimba.
Feni inazunguka mara tatu za heshima, inasimama.
Gesi haina habari.
Vipande vinene kama kamusi,
navigeuza kimoja kimoja,
mgongo umeiva rangi ya mninga uliopigwa vanishi,
na ndizi kando zinalainika kwenye sukari guru
mpaka jirani wa juu anafungua dirisha.

Mlo huu hauna jina. Chai imepita, mchana haujafika.
Ni mlo wa watu wasioulizwa walikuwa wapi, anasema Koku.
Papo hapo simu ya Atu inaita. Mumewe:
chumvi iko wapi?
Kwenye kopo la chumvi, anajibu, anakata,
analamba kidole.

Tunakula.
Ukingo unalia chini ya kisu,
ndani laini, laini karibu ya aibu.
Kifungua kinywa:
neno hili nimelitamka maisha yangu yote bila kulisikia,
kwa sababu ni Siwema, ambaye sahani yake haina hata tone,
anayeweka uma na kusema:

Nimeachishwa kazi. Wiki ya tatu sasa.
Kila asubuhi navaa, napaka wanja, naaga,
nakwenda kukaa Mnazi Mmoja mpaka saa tisa.

Hakuna anayesema pole.
Koku anamsogezea asali.
Atu anatafuna, anameza, anauliza:
unakaa benchi lipi?

La tatu kutoka getini, anasema Siwema. Lina msumari.
Sketi mbili limekwishanila.
Na anaanza kucheka, si kidogo,
wanja unashuka, sisi nyuma yake,
konyagi na asiyeijua, kicheko kimoja,
jasho, korosho, makombo hadi kwenye nywele.

Nasimama kwenda jikoni.
Bakulini mwake kimebaki kipande kimoja,
kimelala humo tangu saa mbili.
Nadhani kimekwisha.
Nakiinua kwa mwiko, polepole.
Hakikatiki.

Nani bado ana njaa? nauliza.
Mikono minne, wa kwangu ukiwa na mwiko.