Pampu ya Bronia

Pampu chini ya nyumba ilikohoa usiku kucha,
ikameza, ikatema, ikameza,
na Bronia kitandani akihesabu
kama mama ahesabuvyo pumzi za mtoto mwenye homa.

Saa nane na robo, Hamtramck nzima ikazimika.
Si radi iliyomwamsha. Ni kimya.

Akashuka na tochi, miguu mitupu.
Ngazi ya tatu kutoka chini ilikwisha kuwa maji.
Kiatu kimoja cha marehemu Kazimierz kilizunguka polepole,
kana kwamba kinatafuta chenzake.

Tangu theluji iyeyuke alisema: nitanunua betri ya akiba,
nitageuza bomba la paa litupe maji mbali na ukuta.
Nita, nita, na nyufa zilikuwa zikisikiliza.

Akagonga ukuta wa jirani kwa mpini wa ufagio.
Rafiqul akaja, lungi kaifunga magotini, ndoo mbili,
hakuuliza kitu.
“Kwetu Sylhet mto huingia bila hodi,” alisema baadaye.
“Huku angalau mna ngazi.”

Maji yakimwagika hayazoleki, husemwa.
Wao waliyazoa,
ndoo kwa ndoo, dirishani, hadi kukapambazuka
na pampu ikakohoa tena.

Bronia akachukua penseli
apige mstari ukutani pale maji yalipokoma.
Nyuma ya rafu iliyoanguka
palikuwa na mstari mwingine, juu zaidi, wa zamani,
na mwandiko wa Kazimierz:
*Betri. Usisahau.*