Sekunde Kumi

Kaunas, saa tisa usiku. Theluji ya Machi
ingali imeng'ang'ania madirishani
kama mgeni asiyejua kuaga.
Kitanda cha nne: Vytenis Jakštas, fundi umeme,
aliyepanda nguzo kuwawekea korongo gurudumu kuukuu
wajengee kiota. Ngazi ikateleza.

Fuvu ni nyumba isiyo na ua.
Ubongo ukivimba hauna pa kusogea,
na namba pale kwenye skrini huihesabu dhiki yake:
kumi na saba. Mpaka wetu ni ishirini na mbili.

Sasa mrija wa kooni umeanza kukoroma. Kohozi.
Nikiliacha, hewa chafu itajaa damuni, mishipa itatanuka,
namba itapanda.
Nikilivuta, atakohoa,
namba itapanda.

Husemwa mapenzi ni kikohozi, hayafichiki.
Usiku huu kazi yangu ni kukificha kikohozi.

Nanyoosha shingo, pua iangalie dari.
Nalegeza kola upana wa kidole, damu ipate pa kuteremkia.
Kichwa kimeinuka kama cha mtu asomaye gazeti kitandani.
Dawa ya maumivu kwanza. Kisha ya usingizi. Kisha kungoja,
na Daktari Giedrė anahesabu kwa midomo, bila sauti.
Oksijeni kamili.
"Usimpulizie kwa pupa," ananiambia.
"Mishipa ikijikunyata, ubongo utalala njaa."

Naingiza.
Moja. Mbili. Tatu.
Kwenye sita bega linashtuka.
Ishirini na nne. Ishirini na tisa.
Saba, nane, natoa.

Thelathini na moja.

Haishuki.
Giedrė ameshika bomba la sindano, hajasukuma.
Mimi nimeshika kitanda, sijui kwa nini.

Ishirini na sita.
Ishirini na moja, inasita hapo, inatucheza shere.
Kumi na nane.

Kohozi kidogo limebaki, nalisikia.
Nitaliacha hadi alfajiri. Kuna uchafu
unaopaswa kuvumiliwa.

Jioni mama yake, Bronė, aliniuliza
kama ruhusa ipo ya kumwita mwanawe.
Nikamwambia, kwa sauti ya chini.
Akavua kofia ya sufu, akainama sikioni,
na jina hakulitaja.
"Wamefika," alisema. "Wawili. Wamesimama juu ya gurudumu lako."

Namba ilipanda moja, ikarudi.
Sikuiandika.