Mistari Kumi na Tisa

Ghala, ghorofa ya tatu. Kiyoyozi kinakohoa,
chini magari yanaiva juani.
Programu tunayoiuza hugawa zamu za maji ya falaji:
nani afungue lini, nani afunge.
Hesabu ya saa hatukuitunga sisi.
Tuliikuta, bure, na leseni yake kichwani,
majina sita juu ya faili, hata mmoja simjui.

Ikawa kila usiku wa manane inameza dakika saba.
Mama mkubwa akapiga simu kutoka Birkat al-Mauz:
"Thuwaiba, mashine yenu inanywesha mitende ya jirani
kwa maji yangu."
Nikakesha. Mistari kumi na tisa.

Asubuhi Bwana Mundhir, finjani mkononi:
"Mistari hiyo yetu. Ifungie."
Nikamwambia haifungiki.
"Kumbe watataka na programu nzima?"

Hapo ndipo wengi wanapotishika bure.
Falaji, bwana, inapita ukutani kwako.
Chota, mwagilia, jenga ukuta mrefu utakavyo,
tia kufuli, uza tende kwa bei yako:
hakuna atakayeuliza umepanda nini.
Lakini ukishika jembe ukauzibua mfereji wenyewe,
uzibuaji ule si siri yako.
Anayepokea maji chini yako
ana haki ya kuona ulipochimba,
na kuchimba zaidi.

Faili hii tuliyoigusa hubaki wazi.
Zetu za kando, tulizoandika wenyewe, tunafunga tukitaka.
Tungeitumia humu chumbani tu, tusingedaiwa kitu;
deni linaanza siku ya kumkabidhi mteja.

"Na nikiikata mistari yako nikaibandika kwenye faili yetu?"
Basi na hiyo itaota mfereji.
Akacheka bila kupenda.

Alhamisi tukaiweka hadharani.
Jina la saba, langu.

Jumapili, ujumbe wa mtu wa Tashkent:
nimesahau Februari ya siku ishirini na tisa.
Mstari wa kumi na moja kaufuta, kaweka wake.
Wake unafanya kazi kuliko wangu.
Nilikasirika kwa muda wa finjani moja ya kahawa,
kisha nikampigia mama mkubwa
kumwuliza kama mitende imeshiba.

"Imeshiba," akasema. "Na ya jirani pia.
Sasa nani kamlipia?"