Goti la Kushoto

Daktari wa Muhimbili kasema limepona.
Kano mpya, skrubu mbili, kovu
refu kama zipu ya begi la shule.

Miezi tisa nahesabu ngazi za Keko:
mguu mzima utangulie kupanda,
mbovu utangulie kushuka.
Bi Siwema wa mazoezi hulikunja, nalia,
yeye ananiuliza jana nilikula nini.

Lakini lile *ko!* la uwanjani
nalisikia bado, mlango wa jirani ukibamizwa,
kizibo cha soda kikiruka.

Leo mpira wa watoto umevuka mtaro, ukanijia.
Mguu umeurudisha
kabla sijaomba ruhusa.

Nimebaki nimelishika goti kwa mikono miwili.
Anayetetemeka ni mimi.
Lenyewe limetulia.