Meza ya Kasisi Chimwala

Meza hii ninayokatia majoho
ndiyo ilikuwa chuo.
Nikisema hivyo wateja hucheka,
nami nina pini mdomoni, siwezi kuwajibu upesi.

Nehemia Chimwala, babu yake mama,
mtoto wa watu waliofunguliwa pingu wakashushwa Kisauni
hata jina la kijiji walikotoka wamelisahau,
alipewa kanisa, kengele,
na rupia kumi na tano kwa mwezi.
Kisha ikavuka barua kutoka kisiwani:
Tumeanzisha chuo cha walimu. Mkuu wake ni wewe.
Pesa za jengo zitafuata.

Zinafuata mpaka leo.

Chuo kikaanzia chumba cha kulia.
Wanafunzi watano, mwaka wa pili tisa,
wameketi juu ya mabenchi ya kanisa
yaliyorudishwa Jumapili alfajiri yana wino,
na kina mama wakatoka ibadani kanga zimeandikwa hesabu.
Eliudi Ngome alishuka Rabai na jogoo kwapani:
ndiyo karo.
Ruwa alibatizwa Tobia, akawa hasikii akiitwa.
Saa sita vitabu vikasukumwa kando,
bibi Persisi akatua sufuria palepale penye sarufi.
Hili doa, hapa chini ya mkasi, si wino.
Ni mbaazi.

Washarika wakanuna.
Tuliomba mchungaji au tuliomba mwalimu?
Mama Rahabu aliwekwa kaburini giza limeingia
kwa sababu ya hesabu ya kugawanya
iliyokataa kwisha ubaoni.
Mzee wa kanisa, Yoeli Farjala, akamwambia mbele ya watu:
Mshika mbili, kasisi, moja humponyoka.
Naye, chaki kwenye nyusi:
Jembe ni moja, Yoeli. Mashamba ndiyo mawili.
Wakaenda zao. Hawakucheka.

Mwaka wa tano ikaja barua nyingine.
Chuo kihamie kisiwani, karibu na ofisi, karibu na hazina.
Kasisi aache kanisa, aje na vitabu.
Hapo ndipo walewale walionuna
wakasimama mlangoni: Haendi mtu.
Yoeli ndiye aliyepiga kengele kuwakusanya.

Barua zikavuka maji miaka miwili,
ya kwenda, ya kurudi.
Ya mwisho hakuijibu.
Alikufa kwa homa masika yale, siku ya mtihani.
Persisi alikunja kanzu yake,
mfukoni akakuta chaki tatu
na deni la mafuta ya taa.
Eliudi akasahihisha karatasi za wenzake,
na yake mwenyewe akajinyima alama mbili.

Walipokuja hamali na mkokoteni kuchukua vitabu
mia na thelathini na viwili,
wanawake walikuwa wamekalia masanduku,
wanamenya mihogo.
Gurudumu moja likapotea usiku.
Asubuhi likaonekana, la pili halipo.
Siku ya nne mzigo ukavuka,
kule wakahesabu tisini.
Viliko vile vingine nisiulizwe mimi.
Najua kimoja tu: kipo chini ya mguu huu wa meza
uliooza upande wa ukuta.
Nikikitoa, meza inalala.

Chuo kina ghorofa nne sasa.
Ukutani kuna jiwe lenye majina ya wakuu,
la kwanza ni la bwana aliyekuja pamoja na jengo.
Nililisoma nilipokwenda kuchukua vipimo,
nikalisoma tena,
nikaomba maji ya kunywa.

Kila mwaka, wiki mbili kabla ya mahafali,
huniletea kitambaa cheusi, marobota sita.
Natandika hapa, nachora kwa chaki.
Leo amekuja kijana mwembamba, mrefu, anatoka Rabai.
Nimemwambia: Nyoosha mkono. Geuka.
Nikamuuliza ukoo wao, akasema.
Sindano ikanichoma kidole.

Joho lake nimeliongezea pindo
bila kumtoza.
Anataka risiti.