Kopo Lisilouzwa

Bata hana meno, Yusta. Nilikuwa najua,
kama mtu anavyojua jina la jirani
asiyewahi kumwita.

Ulipoondoka kwenda shule Tabora
uliniachia watatu: Askofu, Shangazi,
na yule wa madoa tuliyemnunua kwa pesa ya kikundi,
tukamwita Mkopo.
Nikawafungia uani, juu ya saruji,
kwa sababu ya mchicha wa Mzee Kaboko
na mdomo wa Mzee Kaboko.
Pumba nikawapa. Vichwa vya dagaa nikawapa,
na mahindi yaliyobaki sokoni Gungu.
Maji, beseni zima.
Nikasema, wamekosa nini tena?

Wiki ya tatu Mkopo akasimama pembeni,
shingo ndani ya mabega
kama abiria aliyeachwa na treni.
Kinyesi chake kilitoka na punje za mahindi
nzimanzima, zinang'aa,
ungeweza kuzipanda.

Nikakaa na punje moja kiganjani,
mimi, mgonga kokoto wa mlima huu,
miaka kumi na moja nyundo mkononi,
nusu inchi, robo tatu, vumbi kwenye kope,
mawe yamenizunguka hadi kiunoni,
na uani kwangu
kiumbe anakufa kwa kukosa jiwe.

Nilicheka. Halafu sikucheka.

Nikakumbuka firigisi zote nilizopasua sikukuu hadi sikukuu:
ile ngozi ya njano inayovuka kama soksi,
ndani yake mchanga, changarawe,
mwaka mmoja kifungo cha shati,
mwaka mwingine shanga ya bluu.
Tulitupa vyote. Tulidhani ni uchafu,
kumbe tunatupa kinu.

Kwanza nikachota chenga za nyundo yangu.
Nikazipima kwa ulimi
(ndiyo, kwa ulimi, usiniambie kitu).
Zilikata.
Jiwe lililopasuliwa jana bado lina hasira.
Nikazimwaga.

Jumamosi nikashuka Katonga
na chekeche na kopo la maziwa ya unga.
Ziwa linafanya kazi yangu hii
tangu nyundo haijazaliwa,
halidai ndoo wala halina haraka,
linayagonga mawe hadi yanasahau pembe zake.
Nikachagua mbali na mafuta ya injini,
mbali na kutu na vipande vya nyavu:
za ukubwa wa mtama kwa Shangazi,
za kunde kwa Askofu, ana mwili na majivuno,
chache kama mchele, kwa vifaranga tukijaliwa.
Nikaziosha hadi maji yakatoka
kama yalivyoingia.

Makombe ya konokono nikayaponda kando.
Hayo ni ya ganda la yai, yanayeyuka.
Jiwe halina pa kwenda. Linakaa gizani linasaga,
nalo linasagika,
hadi siku linatoka dogo kuliko lilivyoingia.
Hapo, mwanangu, niliweka chekeche chini,
nikaviangalia vidole vyangu kidogo.

Sikuchanganya na pumba. Bata si mtoto wa kufichiwa dawa.
Nikaweka kwenye sahani ya bati, peke yake.
Mkopo akaitazama kwa jicho moja,
akageuka, akaitazama kwa la pili,
kama mwenye duka aliyepewa noti chakavu.
Akameza moja. Akangoja.
Akameza nne.

Usiku wa tano nikampakata,
nikaweka sikio kifuani pake.
Unajua sauti ya mtu
anayeosha mchele nyumba ya pili?
Hiyo.

Leo tipa limekuja. Ruhuro amehesabu ndoo zake,
amelalamika bei, amelipa,
kisha akanyooshea kidole kopo lililo mlangoni.
Na hizi?
Hizo si za zege, nikamwambia.
Za nini basi?
Za kutafunia.

Akanitazama mdomo
mpaka akasahau kuwasha gari.