Jiwe Hilo Si la Msingi

Fundi Lushinge, tua. Tua taratibu.
Hilo ulilobeba begani si la msingi.
Najua ni zito, najua lina bapa zuri,
najua kona ya jikoni imebaki wazi
na lori la mawe halirudi Usoke hadi Jumatatu.
Lakini tua. Ligeuze. Pitisha kiganja hapo katikati.

Umelisikia bonde?

Halikuchongwa kwa patasi hilo.
Ni magoti ya Kalunde, bibi yangu mzaa mama,
ni mabega yake, kwenda na kurudi,
kabla jogoo hajajua kwamba kumekucha,
shaa, shaa, shaa,
na mtoto mgongoni akilala kwa mwendo huo
kama abiria wa treni ya Kigoma.
Mtoto huyo ni mama. Baadaye mtoto huyo ni mimi.

Unauliza lilisaga nini.
Ulezi kwanza: wa uji, na ule uliooteshwa wa pombe.
Uwele. Mtama mwekundu uliotuachia midomo michungu.
Makopa, mwaka wa njaa, mwaka aliozaliwa mama mdogo Nyanzala,
meusi, yananuka, na tukayasifu.
Karanga, siku ya mgeni.
Tumbaku ya ugoro ya babu, ila kwa upande wa nyuma,
maana bibi alisema pua na tumbo havili sahani moja.
Na mara moja mizizi, usiku, mlango umefungwa,
kwa ajili ya shangazi tuliyeambiwa amesafiri.
Asubuhi liliogeshwa mara saba. Hatukuuliza.

Na lilipolainika, alilipiga.
Alishika jiwe gumu la ukubwa wa ngumi
akaligonga uso mzima, adhuhuri yote,
mpaka likawa na ndui.
"Jiwe laini," alisema, "linaibembeleza punje, haliisagi."
Alisema akinitazama. Nilikuwa nimeposwa wiki ile.
Hadi leo sijui kama alikuwa ananionya
au ananiombea.

Mashine ya dizeli ilipofika stesheni
nilikuwa wa kwanza kwenye foleni, nisikudanganye.
Magoti yangu yalipiga vigelegele.
Siililii enzi ile, fundi. Ilikuwa na malengelenge.

Ila hesabu na mimi, wewe mtu wa vipimo.
Lilipotoka vilima vya Nzega
kichwani kwa mama yake Kalunde
lilikuwa na unene wa shibiri nzima, ndivyo walivyosema.
Sasa pima hapo bondeni. Vidole vitatu.
Kilichobaki kiko wapi?
Hakikupeperuka.
Kilishuka na unga, chembe kwa chembe,
tukakisikia kwenye jino, tukanyamaza, tukameza.
Tumelila, fundi.
Tuliozikwa na tuliopo, mabinti na wakwe,
hata Maganga aliyepotelea migodini
alikwenda na kipande cha Nzega kwenye mifupa yake.
Unaniambia msingi?
Msingi tuliula zamani.

Lushinge hakujibu.
Alichuchumaa, akaweka kiganja ndani ya bonde,
akakisukuma mbele, akakirudisha,
akakisukuma tena,
na mabega yake yakafuata bila kutumwa.
Zege likaanza kukaza kwenye karai.

"La mama yangu," akasema,
"nililiweka mwenyewe. Ghala la tumbaku, Urambo,
kona ya magharibi.
Lilikaa vizuri sana. Halikutaka hata kabari."

Akainuka, akatia maji kwenye karai,
akaenda kutafuta tofali.